Moto wa Tope la Mawese

Sogeeni, na mwenye haraka ya kujibu aume ulimi kwanza. Hadithi hii niliwahi kuwasimulia watu wazima wenye akili zao, wakaondoka wamenuniana.

Huko Kigoma, kwenye vilima vya michikichi, alikuwapo mjane aitwaye Anzelina. Alizaa mapacha, Bukuru na Butoyi, kisha Chiza akafuata, na majina hayo ndiyo desturi ya kwao kwa mapacha na anayewafuata. Bukuru alijaliwa mikono: alichokijenga hakikuvuja. Dada yake Butoyi alijaliwa mdomo: aliomba akapewa hata na wachoyo. Chiza, kitinda mimba, alijaliwa subira, ambayo ndugu zake waliiita uzembe.

Anzelina aliwalea kwa mawese. Alichemsha ngazi, yaani matunda ya mchikichi, kwenye mapipa, akakamua mafuta, na tope lililobaki akalimwaga bondeni likanuka kijiji kizima. Moshi wa mapipa yale ulimla kifua. Tabibu wa zahanati alimwambia bila kuzunguka kwamba akiendelea kukaa motoni, mwaka hauishi. Anzelina alirudi nyumbani, akawaita wanawe.

"Atakayenitoa kwenye moshi," alisema, "shamba la michikichi ni lake."

Lilikuwa shamba dogo, ukiligawa halimlishi mtu. Na kama angekufa bila kutaja mrithi, lingechukuliwa na shemeji yake Misago, ambaye alishaanza kupitapita kule akikagua miti.

Watoto walikuwa wamesikia kwamba tope la mawese likifungiwa pasipo hewa, likachachushwa na mavi ya ng'ombe, hutoa gesi inayowaka bila moshi.

Bukuru alichimba shimo, akajenga tangi, akalipiga lipu na kulifunika kwa turubai la plastiki hadi hewa ikakosa pa kupenya, kisha akavuta bomba hadi jikoni. Bila tangi lile, tope lingebaki uvundo.

Butoyi alipanda kwa wafugaji. Mavi ya ng'ombe ni mbolea yao na hawampi mtu ovyo, lakini aliwabembeleza mpaka wakamjazia viroba na kumsindikiza. Bila mavi yale, tangi lingekuwa kaburi la tope tu.

Chiza alibaki na tangi. Alienguaengua mafuta yaliyoelea, akatia majivu kupunguza ukali, akalilisha tope kidogo kidogo kama mtoto anayeachishwa ziwa. Bila yeye tangi lingevimbiwa likafa mapema.

Asubuhi moja wakawasha kiberiti, na moto wa buluu ukasimama jikoni. Anzelina alipika uji, akaunywa bila kukohoa, akalia mbele ya wanawe bila kuona haya. Hakuwahi kufurahi hivyo tangu azikwe mumewe. Kisha akawaona wote watatu wamekodoa macho, kila mmoja anangoja jina lake, na furaha ikageuka hofu.

"Ngojeni kwanza," alisema. "Acheni niwaangalie."

Hapo ndipo alipokosea, na mimi namwonea huruma, maana alichotaka ni kuahirisha ugomvi. Wao walisikia kwamba shindano limeanza.

Bukuru, ili kazi yake ionekane, alifunua turubai apige lipu ya pili. Hewa ikaingia. Butoyi, ili aonekane amezidisha, alikimbilia zizi la karibu akazoa mavi ya ng'ombe waliotoka kuchomwa sindano za dawa, ambayo huua uchachu. Na Chiza, mwenye subira maisha yake yote, iliwahi kumwishia mara moja tu, na ni wiki hiyohiyo. Msimu ulikuwa umefika, tope lilikuwa jingi, akamimina mapipa mazima, mafuta na vyote. Hakuna aliyemwambia mwenzake.

Moto ukafifia, ukazimika. Nani aliua tangi? Hewa, dawa au shibe, hakuna ajuaye, ingawa kila mmoja anaapa kwamba ni mwenzake. Wangeweza kuanza upya, lakini turubai lilishachanika, wafugaji walikuwa wamechoka kuombwa, na ndugu hao hawakusemezana tena.

Anzelina akarudi kwenye mapipa. Watu wanne lazima wale.

Sasa amelala mkekani, na kila pumzi anaitafuta. Misago ameketi mlangoni, mpole kabisa, amevua kofia. Bukuru amekwisha kumkumbusha mama habari ya tangi. Chiza ametazama ukuta. Butoyi ndiye aliyeinama karibu.

"Mama, taja basi," anamwambia. "Hata kama si mimi."

Anzelina anawatazama. Anakumbuka ule uji. Hawa watatu ndio walioupika, na hawa watatu ndio walioumwaga. Akinyamaza, wanawe watakuwa vibarua kwenye miti aliyoipanda mwenyewe. Akimtaja mmoja, wawili watatoka kaburini kwake wakiwa maadui wa ndugu yao, na anawajua, hawatapatana. Angependa kuwaambia kwamba heri shamba limezwe na ardhi, mradi tu awaone wanasongana jikoni kama asubuhi ile. Lakini maneno hayo ni marefu, na kifua kimekataa.

Pumzi iliyobaki inatosha jina moja. Wewe uliyekaa hapo kimya, ungekuwa Anzelina, ungemtaja nani?