Wimbo wa Mama Nakunda na Spika Zilizovuma

Hii nimetumiwa na mtu, nami nakutumia wewe. Sikuahidi baraka yoyote ukiisambaza. Isambaze kama itakuchoma kama ilivyonichoma mimi. Kama haikuchomi, basi, kunywa maji ulale.

Katika kanisa moja, mji siutaji, palikuwa na mjane aitwaye Mama Nakunda. Mume alishamzika, watoto wako mbali, macho yameanza ukungu. Kilichombakia ni sauti. Kila Jumapili wimbo wake ndio uliofunga ibada, na hata wapita njia walikuwa wanasimama barabarani kumsikiliza. Mwenyewe alizoea kusema, "Mimi wiki nzima nipo tu. Jumapili ndiyo naishi."

Kanisa likajengwa upya, kubwa. Maiki zikabaki mbele madhabahuni, mitambo ikawekwa nyuma kabisa, kwa hiyo waya wa maiki ukalazimika kuzunguka jengo zima chini ya ardhi na kupita nyuma ya jiko. Kazi hiyo aliisimamia Mzee Mbonea, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mtu wa suti na sauti.

Jumapili ya kwanza mahubiri yakasikika safi kabisa. Mama Nakunda akashika maiki, akaanza ubeti wa kwanza. Loo! Spika zikavuma, vuuuuum, kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Akarudi nyuma hatua moja, akaendelea, nazo zikaendelea. Wimbo ulipoisha mitambo ikazimwa, watu wakaenda kunywa chai.

Jumapili iliyofuata, yale yale. Wakabadilisha maiki. Wakabadilisha spika. Mahubiri safi, kwaya safi, lakini Mama Nakunda akifungua mdomo tu, vuuum.

Basi spika zikivuma kanisani, uvumi nao ukavuma mtaani. Mbona ni yeye tu? Ana nini yule mama? Hivi mumewe alikufa kwa ugonjwa gani vile? Ulimi hauna mfupa. Mzee Mbonea akaja kumalizia kwenye kikao: "Wapendwa, lisemwalo lipo. Mitambo ni mipya. Haiwezi kupiga kelele bila sababu."

Wakamwita mbele ya kanisa zima. Wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani, wakakemea kwa nguvu mpaka mtandio wake ukaanguka chini.

"Jamani, nimekosa nini?" akauliza.

"Siyo wewe, Mama," akajibu Mzee Mbonea. "Ni kilichomo ndani yako."

Akaambiwa asiimbe tena mpaka atakapofunguliwa. Jumapili iliyofuata ibada ikafungwa kwa pambio la kwaya, na spika hazikuvuma hata chembe! Watu wakapiga vigelegele. Ushahidi gani tena unautaka? Mama Nakunda alikuwa amekaa benchi la nyuma. Akainuka, akaenda zake nyumbani, na hakurudi.

Sasa nisikilize vizuri.

Siku hiyo hiyo Mzee Mbonea alitoka ibadani akakuta maji ya chai bado ni ya baridi. Akamwakia Mama Foibe, mkuu wa akina mama wa jikoni. "Mama Foibe, huku jikoni mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunasubiri, Mzee."

"Mnasubiri nini? Kuanzia wiki ijayo, mkinisikia nimeanza kusoma matangazo, washeni birika."

Jumapili ikafika. Mzee akapanda mbele na matangazo yake, akakohoa, akasema, "Bwana Yesu asifiwe." Kabla waumini hawajaitikia, spika zikaitikia: vuuuuum!

Akaipiga maiki kofi. Vuuum. Akaipuliza. Vuuum. Unadhani kuna aliyepiga magoti? Unadhani kuna mkono hata mmoja uliogusa ile suti? Thubutu! Mzee mwenyewe alipaza sauti: "Fundi! Tafuteni fundi!"

Umeona? Zikimvumia mjane, pepo. Zikimvumia mwenyekiti, fundi. Nilipofika hapo nilitaka kuitupa simu.

Akaletwa fundi wa redio wa sokoni, mtu mwenye mdomo. Spika hakuzigusa. "Hizi mnazionea bure," akasema. "Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Waya unapita wapi?"

Akaufuata mpaka nyuma ya jiko, akafukua. Waya wa maiki na waya mnene wa umeme wa jiko vilikuwa vimelala ndani ya bomba moja, vimebanana mwendo wote huo.

"Nani kavilaza hivi kitanda kimoja?" fundi akafoka. "Umeme mwingi ukipita kwenye huu mnene, huu mwembamba unaudaka ule mvumo na kuupeleka kwenye spika. Huko jikoni mnawasha nini?"

"Birika kubwa la chai," akasema Mama Foibe.

"Zima." Spika zikatulia. "Washa." Vuuum.

Mchungaji akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini mbona ilikuwa Mama Nakunda akiimba tu?"

Mama Foibe akamtazama Mzee Mbonea. "Mzee ndiye aliyetuagiza. Alisema, mkimsikia Mama Nakunda ameanza, jueni ibada inaisha, washeni birika, nikitoka nikute chai ya moto. Ile Jumapili hakuimba, ndiyo maana tulichelewa."

Na lile bomba moja? Nalo ni agizo lake, alitaka mtaro mmoja kazi iishe haraka. Mzee akafuta jasho. "Shetani alinipitia," akasema. Hata hapo, shetani!

Wakaenda kwa Mama Nakunda, Mchungaji na wazee, na kitenge na sukari mkononi. Aliwakaribisha vizuri, akawabandikia chai. Mchungaji akamwomba msamaha, akamsihi arudi kuimba.

"Nyaya mmezitenganisha?" Mama Nakunda akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Mlichimba kwa nini?"

"Kwa jembe na sururu."

"Vizuri. Na mimi mtanichimba kwa nini?" Akamimina chai. "Nikifungua mdomo, hata hapa peke yangu nikiosha vyombo, nasikia mvumo. Kunyweni, itapoa."

Hakurudi. Siku hizi spika za kanisa lile ni safi ajabu, zinasikika mpaka sokoni. Kinachosikika ni matangazo ya Mzee Mbonea.

Funzo: Kabla hujamwekea mwenzako mikono kichwani, ufuate waya mpaka mwisho wake, usije ukakuta ni wewe uliyeuchomeka.