Pishi ya Mfuto ya Bibi Kalunde

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Wa nyuma nao wasogee, sauti yangu haifiki huko.

Hapo zamani za kale, kabla bibi za bibi zenu hawajaota meno, palikuwa na kijiji kisicho na mkunga. Mwanamke akishikwa na uchungu, watu walikaa nje wakiomba. Wengine walijifungua salama. Wengine walizikwa. Chuo cha ukunga kilikuwako, lakini mjini, mbali, mwendo wa siku tisa kwa miguu, na masomo yake yalichukua masika matatu.

Wanakijiji wakakubaliana. Wakajenga kihenge kikubwa, ghala la wote, la kuwalisha watakaokwenda chuoni. Kila mavuno, kila nyumba ilileta pishi moja ya mtama. Tajiri pishi moja, fukara pishi moja. Pu! Pu! Pu! Mtama ukaingia.

Mpimaji alikuwa Bibi Kalunde, mjane. Vijana walipanga mstari, naye akampimia kila mmoja pishi tano. Alijaza pishi, kisha akapitisha kiganja juu yake, fyaa! Punje zilizozidi zikarudi kihengeni. Hiyo ndiyo pishi ya mfuto, haina kilima. Watu walimsifu sana. Walisema Kalunde hana upendeleo.

Lakini tazameni. Mwana wa mtemi alipokea pishi tano, na nyuma yake wakafuata punda watatu waliobeba vya kwao. Mwana wa fukara alipokea pishi tano, na nyuma yake likafuata vumbi. Masika ya kwanza hayajakatika, mtama wa fukara umekwisha, anarudi nyumbani na njaa. Wana wa matajiri walihitimu, wakabaki huko huko mjini, wakanenepa. Mwaka baada ya mwaka. Mtama wote ule, na mkunga hayupo! Mimi hasira hunipanda hadi leo.

Kalunde alikuwa na binti mmoja tu, Limi. Siku moja Limi naye akapanga mstari. Mama akajaza pishi. Kiganja kikasita. Watu walikuwa wakitazama.

"Mama," Limi akacheka, "hata kilima kidogo?"

"Ni mtama wa wote, mwanangu."

Fyaa! Akafuta ya kwanza. Fyaa! Akafuta ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano.

Limi akaenda. Mtama ukamwishia. Wenzake walirudi, yeye akaona haya kurudi mikono mitupu, akashika njia nyingine. Hakuonekana tena.

Kalunde akabaki peke yake. Zamani walitwanga wawili, mama na binti, kinu kimoja. Tu! Ta! Tu! Ta! Sasa mchi wa pili uliegemea ukutani. Tu! Kimya. Tu! Kimya. Majirani waliisikia sauti ile kila asubuhi, wakainamisha vichwa, wakaendelea na shughuli zao. Upweke ulimla mama yule jamani, na hakuna aliyemuuliza.

Miaka ikapita. Kalunde akazeeka. Siku ya kupima ikafika. Wa kwanza mstarini alikuwa Mihambo, mjukuu wa mtemi. Kalunde akaweka pishi chini.

"Kwenu mna vihenge vingapi, mwanangu?"

"Vinne, bibi."

"Basi nenda na vya kwenu."

Wa mwisho alikuwa Shija, binti yatima. Mama yake alikufa akimzaa.

"Kwenu kuna nini?"

"Kwetu ni mimi tu, bibi."

Kalunde akampimia pishi sitini, za masika yote matatu, na hakupitisha kiganja hata mara moja. Akaazima punda. Akamwambia, "Ukihitimu, urudi. Mtama watakaokulipa, nusu utakula, nusu utarudisha kihengeni, mpaka itimie akiba ya safari ya mwingine."

Kelele zikapanda! "Umependelea!"

"Kwa Limi sikupendelea," akasema Kalunde. "Mnamwona wapi?"

Mtemi akasimama. "Sawa. Lakini binti huyu asiporudi, pishi hiyo si yako, na kijiji hiki si chako."

Shija akaondoka. Tangu siku ile watu walimkwepa Kalunde. Akiamkia, haitikiwi. Akiomba kaa la moto, anaambiwa limezimika. Tu! Kimya. Tu! Kimya. Masika ya kwanza. Masika ya pili. Masika ya tatu yakakatika. Siku kumi zikapita. Siku ishirini. Shija haji.

Mtemi akatuma watu, wakachukua pishi. Kalunde hakubisha. Akafunga kitita chake. Akaomba muda wa kutwanga unga wa njiani tu. Akaupa mlango mgongo, akashika mchi.

Tu! Kimya. Tu! Kimya. Tu!

Ta!

Hakugeuka. Aliogopa kugeuka. "Limi?"

"Ni Shija, bibi. Nisamehe, nimechelewa. Kule mtoni nilimkuta mwanamke ana uchungu, nikakaa naye mpaka akapata nguvu. Mama mzima, mtoto mzima."

Machozi yakamdondoka mzee, yakaingia kinuni. Kisha akainua mchi wake.

Tu! Ta! Tu! Ta!

Kijiji kizima kikasikia. Mtemi mwenyewe akaja, ameishika pishi kwa mikono miwili, akaiweka miguuni pa Kalunde. Na tangu siku ile, katika kijiji kile hakuna kijana anayepimiwa kabla ya kuulizwa, "Kwenu kuna nini?"

Limi hakurudi. Kila mavuno Kalunde alipima pishi moja yenye kilima, akaiacha ukingoni mwa njia kwa yeyote aliyekwama safarini. Wakunga wa kijiji wanafanya hivyo hadi leo.

Basi wanangu, haki si kuwapimia watu sawasawa, haki ni kila mmoja afike. Hadithi yangu imeishia hapo, njiani, penye ile pishi.