Kisima cha Bi Kazija na Idara Saba

Hapo zamani, mihuri ilipokuwa imekwisha kubuniwa lakini wino bado haba, palikuwa na ufukwe uitwao Mtondooni. Ufukwe huo ulikuwa na sheria moja: mtu asijenge ukuta ndani ya hatua thelathini kutoka pale bahari inapofika ikijaa kabisa.

Akaja Bwana Nassor, akataka kujenga hoteli ya vyumba arobaini. Hoteli haijengwi mpaka mazingira yapimwe, na mazingira hayapimwi mpaka idara saba zikutane. Idara saba hazikutani zenyewe. Aliyezikutanisha aliitwa Salha, mratibu.

Salha aliandika barua saba. Idara ya misitu haikuweza Jumatatu. Idara ya maji haikuweza siku yoyote ila Alhamisi. Idara ya afya iliweza Alhamisi, lakini asubuhi tu. Salha akafungua jedwali la maji ya bahari, akaona kwamba Alhamisi ya tarehe kumi na nne maji yanajaa saa nne na dakika kumi asubuhi. Akaipigia mstari mara mbili.

Jirani na kiwanja hicho aliishi Bi Kazija, mjane mwenye goti bovu na kisima cha maji matamu, kisima pekee upande ule. Aliposikia kwamba wageni wa idara saba wanakuja, alifanya kama afanyavyo mtu mwenye adabu: alifagia. Akafagia ua, akafagia njia, akafagia na ufukwe. Juu kwenye mchanga palikuwa na mwani mkavu, umelala mstari mrefu pale ulipoachwa na maji makubwa. Akaukusanya wote, akautia kwenye shamba lake la muhogo.

Alhamisi wakaja. Mpimaji, jina lake Makame, akangoja saa nne na dakika kumi, akachomeka kijiti pale maji yalipofika, akahesabu hatua thelathini. Idara saba zikatia saini. Bi Kazija akawapa madafu, wakashukuru.

Bwana Nassor akajenga ukuta. Hakuujenga kwenye hatua ya thelathini. Aliujenga kwenye ya thelathini na mbili, kwa usalama.

Mwezi ukaandama, maji makubwa ya bamvua yakaja. Miaka yote yalikuwa yakipanda, yakitandaa mchangani, yakirudi. Safari hii yalikuta ukuta. Yakageukia kushoto. Kushoto palikuwa na kisima.

Siku ya pili Bi Kazija akachota, akaonja, akatema.

Sheha Hamad akawaita wote wanne: mpimaji, mratibu, mwenye ukuta na mwenye kisima. "Ukuta una muhuri," akasema, "siwezi kuubomoa. Kisima kitarudi kuwa kitamu baada ya masika matatu. Mpaka hapo, mmoja wenu atakwenda Mkwajuni kila asubuhi, mwendo wa nusu saa, alete ndoo mbili za maji. Yasipoletwa, Bi Kazija atahama nyumba aliyozalia watoto wake. Semeni."

Makame akasema, "Sheha, niliambiwa njoo Alhamisi, nikaja Alhamisi. Fomu iliuliza maji yamefika wapi, nikaandika yalipofika. Kazi yangu niliifanya."

"Wewe mtoto wa mvuvi. Hukujua kuwa siku ile ni maji mafu, maji ya nusu mwezi, yasiyofika popote?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Fomu haikuwa na mahali pa kusemea."

Salha akasema, "Sheha, nilitafuta siku hiyo miezi minne. Hapa kwetu maji yakijaa saa nne asubuhi, basi ni maji mafu. Ya bamvua hujaa saa kumi alasiri, na ofisi hufungwa saa tisa na nusu. Hilo nililigundua baadaye. Jedwali ninalo." Akalitoa. Hakuna aliyelipokea. "Kazi yangu niliifanya."

"Baadaye lini?"

"Jumatatu iliyofuata."

"Ukuta ulikuwa umesimama?"

"Msingi tu."

"Mbona hukusema?"

"Saini zilikuwa saba, Sheha. Kuzikusanya upya..." Hakuimaliza.

Bwana Nassor akasema, "Nimeambiwa thelathini, nimeweka thelathini na mbili. Nani mwingine hapa amezidisha chochote? Kazi yangu niliifanya."

"Uliwahi kuyaona maji ya bamvua pale?"

"Niliyaona siku ya kwanza nilipokuja kutazama kiwanja. Yalikuwa mazuri sana. Lakini wataalamu walipochomeka kijiti kule chini, nikasema labda wanaijua bahari kuliko macho yangu."

Bi Kazija akasema, "Mie kazi sina. Mie nimefagia."

"Ndiyo hilo, Bi Kazija," Makame akadakia. "Mstari ule wa mwani ungekuwepo, ningelazimika kupima kutoka hapo."

"Ala! Wageni wa idara saba waje wakanyage taka? Ungesema nini juu yangu mwanangu, ulipokuwa ukinywa dafu langu?"



"Na siku ile," Sheha akamuuliza Bi Kazija, "ulikiona kijiti?"

"Nilikiona. Nikacheka moyoni. Nikasema, hawa wamesoma, wana sababu yao."

Sheha akachukua karatasi, akaandika majina manne, juu yake akaandika neno "ndoo". Akalitazama jina la kwanza, akalitazama la nne. Hakutia alama popote. Karatasi akanipa mimi, niwaletee nyinyi.

Basi hii hapa. Mpimaji alijua, akangoja kuulizwa. Mratibu aligundua, akazionea huruma saini. Mwenye ukuta aliona, akaamini kijiti. Mwenye kisima alifagia, akacheka. Ndoo ni mbili, jua limeshapanda, na Bi Kazija bado hajabandika chungu. Je, nani ajitwike?