Kifaranga Kimoja cha Kishingo

Hebu fumba macho kidogo. Ona chumba kidogo cha matofali mabichi, kimepakwa chokaa, huko Iramba. Ndani yake limesimama sanduku la mbao, refu kama kabati la nguo, lenye kioo mlangoni. Ukichungulia unaona mayai, trei juu ya trei, na joto lililomo ni lile la chini ya kuku anayelalia. Sasa tega sikio. Unasikia mlio mwembamba, kama wa nyuki aliye mbali? Hiyo ni mota. Inazilaza trei zote polepole upande wa kushoto, inapumzika, kisha inazilaza upande wa kulia, kama mama anayembembeleza mtoto mgongoni.

Sasa mlio umekatika.

Aliyeusikia kwanza ukimya ule alikuwa Mama Msengi, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafugaji. Alikuwa nje akipeta mtama. Akautua ungo chini, akakimbilia ndani.

Alikuwa na sababu. Mwaka ule ugonjwa wa mdondo ulipita kijijini ukafagia mabanda yote. Watu waliozoea kuamshwa na majogoo wakawa wanaamshwa na redio. Kuku wachache waliosalia walitaga, na kila yai lililopatikana lililetwa kwenye mashine hiyo ya kutotolesha. Yakiharibika mayai hayo, hapakuwa na mbegu nyingine. Tena ndani yake yalikuwamo mayai ya kuku wake wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, ukoo alioachiwa na marehemu mama yake. Kuku mwenyewe alikuwa amekwisha kufa.

Wanakikundi walipokusanyika mlangoni, Mama Msengi alisema bila kujipa muda wa kufikiri:

"Atakayeyaokoa mayai haya, kifaranga cha kishingo ni chake. Nimesema, na nyote mmesikia."

Miongoni mwa waliosikia walikuwamo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Elipokea alikuwa na mikono. Iliweza kushika kitu chepesi bila kukivunja, na kurudia jambo lile lile bila kuchoka. Kila palipozaliwa mtoto, yeye ndiye aliyeitwa kumwogesha.

Gunda alikuwa na macho. Alitengeneza simu na taa za sola sokoni, na haraka hakuijua. Aliweza kukikodolea macho kitu kibovu mpaka mteja akakasirika: "Wewe, unakitengeneza au unakichumbia?"

Zuena alikuwa na ulimi. Si kwamba alisema sana. Alijua lini aseme, na alijua vizuri zaidi lini anyamaze.

Siku ile, watu walipoona mota imesimama, walifanya ambalo wengi wetu tungelifanya. Walizima swichi, wakawasha. Mota ikanguruma kidogo, ikasimama. Wakazima tena, wakawasha tena. Mwingine akaipiga ubavuni kwa kiganja, eti ishtuke.

Elipokea hakuigusa swichi. Aliitazama fremu inayobeba trei, akaona imebaki imelala upande mmoja. Alijaribu kuisukuma, ikakataa, kwa kuwa meno ya gia yalikuwa yameikamata. Na alijua kuwa yai likilala upande mmoja muda mrefu, kifaranga kilichomo huganda kwenye ganda lake, kikafa. Basi akatafuta vipande vya ubao. Akaufungua mlango kidogo tu, joto lisitoroke, akaiinua trei ya kwanza upande wake wa chini, akapenyeza ubao, mayai yakaegemea upande wa pili. Akaenda kwenye trei ya pili. Alipoimaliza ya mwisho akapumzika, kisha muda ulipofika akaanza upya, kuzichomoa mbao zote. Mwenzake mmoja aliomba kumpokea; trei ya kwanza tu akaigonga, yai likapasuka.

"Niachie, dada," Elipokea alimwambia kwa upole. "Nenda ukanipikie uji. Hapo utakuwa umenisaidia sana."

Alikesha hapo. Kulipopambazuka alikuwa bado anainua na kushusha, macho mekundu, mikono ile ile.

Siku ile ile ya kwanza Gunda alikimbilia sokoni kuchukua vifaa vyake, na aliporudi akakuta mkono wa mtu uko kwenye swichi. "Acha!" akasema. "Mnataka kuiua kabisa?"

"Sasa fundi simu ametuletea ukali," mama mmoja akanung'unika.

Gunda alikaa chini mbele ya kisanduku cheusi kilichokuwa kando ya mota. Taa yake nyekundu ilikonyeza mara mbili, ikatulia, ikakonyeza tena mara mbili. Akaitazama. Mama Msengi alisimama nyuma yake, hana raha.

"Mwanangu, sema basi. Imeungua?"

"Bado, mama. Mota nyingi zina vijiti vya kaboni ndani, vinasugua mpaka vinaisha. Hii haina. Ndani yake kuna sumaku, na pembeni kuna koili za waya. Hiki kisanduku, draiva, ndicho kinachopeleka umeme kwenye koili hii, halafu ile, halafu ile nyingine, na sumaku inaufuata. Bila draiva, mota haijui hata pa kuelekea."

"Kwa hiyo mota ni ng'ombe, na draiva ni mwenye fimbo?"

"Hasa! Na mwenye fimbo huyu ana huruma. Akiona ng'ombe amebebeshwa kupita nguvu zake, anamsimamisha, halafu anakonyeza taa ili tuelewe. Kukonyeza mara mbili ni kusema mzigo umezidi. Nyinyi badala ya kupunguza mzigo mnamwamsha amchape tena."

Lakini hakutaka kubahatisha. Alipima umeme wa betri, akaukuta unatosha. Alivuta taratibu kila waya uliounganisha draiva na mota, hakuna uliolegea. Alisubiri kisanduku kipoe. Kisha akautoa mnyororo uliounganisha mota na fremu, akawasha. Mota ikazunguka peke yake, laini, na taa ikawa ya kijani. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Msishangilie," Gunda alisema. "Mota nzima, gia nzima, draiva nzima. Maana yake kosa liko kwenye mzigo."

Akaugeuza uso kwenye fremu, akaikodolea kama kawaida yake. Safari hii hakuna aliyemtania. Fremu ile ilining'inia kwenye mhimili wa katikati kama mizani. Upande wa kulia trei zote zilijaa. Upande wa kushoto, sehemu yote ya juu ilikuwa tupu.

"Hapa pana nini?"

Akina mama walitazamana. Mama Msengi ndiye aliyejibu. "Ni pa Mama Mpinga. Amefiwa na mumewe."

Gunda alielewa, maana naye alikuwa mtoto wa hapo. Katika kikundi kile kila mwanachama alikuwa na nafasi yake, na aliyefiwa hakuna aliyeigusa nafasi yake mpaka arudi mwenyewe. Kwenye mikutano kiti chake kiliachwa wazi. Kwenye mashine, trei zake ziliachwa tupu. Ilikuwa heshima, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mota ingeulipa uzito wa heshima hiyo. Upande mmoja ukiwa mzito na wa pili mwepesi, kila mota ilipoinua ilikuwa inainua mzigo wote peke yake.

"Tuweke hata matofali, basi, ili pande zilingane," Gunda alisema.

Nusura wampige. "Matofali! Kwenye nafasi ya mfiwa! Unataka aseme tumemzika na yeye?"

Mama Msengi akasema kuwa hata yeye, pamoja na uenyekiti wake, hawezi kuruhusu. Mwenye ruhusa ni Mama Mpinga. Na nani angekwenda msibani kuzungumza habari za kuku?

Zuena alijifunga khanga, akaenda.

Hakuingia na ombi mdomoni. Alimwamkia Mama Mpinga, akampa pole, akaenda zake uani kuosha sufuria pamoja na wengine. Alichota maji. Alichambua mchele. Jioni alikaa mkekani karibu na mfiwa, kimya, akalala hapo hapo. Asubuhi walipokuwa wanakunywa chai, Mama Mpinga mwenyewe akamgeukia.

"Zuena, mwanangu, mbona mikono yako inanuka pumba? Mashine yetu inaendeleaje?"

Hapo ndipo Zuena alipofungua kinywa. "Imesimama, mama."

"Imesimama? Kwa nini?"

"Imechoka kuinua upande mmoja. Ule wa kwako tumeuacha wazi, tunakusubiri."

Mama Mpinga aliliweka bakuli la chai chini. Zuena hakuongeza neno. Hatimaye mfiwa akafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Mmenitunzia nafasi," alisema. "Asanteni. Lakini mume wangu ndiye aliyezichonga zile mbao za trei. Angefurahi zikae tupu, vifaranga vife? Nenda, mwanangu. Waambie wajaze. Na nikirudi nitawakuta wanalia piyo piyo mahali pangu, na mimi nitacheka kidogo."

Mayai yakagawanywa pande zote mbili. Gunda akaurudisha mnyororo, akawasha. Fremu ikainuka taratibu, ikalala kulia, ikapumzika, ikalala kushoto. Taa ikabaki ya kijani. Elipokea akatoka nje, akaketi ukutani, akasinzia palepale kijiko cha uji kikiwa mkononi.

Siku za kutotoa zilipofika, kijiji kizima kilijaa mlangoni. Maganda yalitoboka moja baada ya jingine, na vifaranga vikatoka vimelowa, vikakauka, vikawa manyoya matupu. Wengi walipona. Kijiji kilipata mbegu yake.

Lakini katika vyote vile, cha kishingo kilikuwa kimoja tu.

Mama Msengi alikipakata kiganjani. Shingo ile nyekundu, tupu, ilimkumbusha ua wa mama yake, akatamani asingekuwa ametoa ahadi yoyote. Alipoinua macho, watatu wale walikuwa wamesimama mbele yake.

"Sitaki kujisifu," Elipokea alianza. "Ila Gunda alipokuwa anatazama taa, na Zuena alipokuwa anaosha sufuria, mayai yalikuwa hai kwa sababu gani? Mngekuja kuitengeneza mashine iliyojaa mayai mafu."

"Kweli kabisa, dada yangu," Gunda alisema. "Lakini ungeinua trei mpaka lini? Ungelala siku moja tu, basi. Na wale wenzetu wangeendelea na swichi yao, draiva ingeungua, na hapa hakuna nyingine."

Zuena alicheka. "Na wewe ulipojua ugonjwa, dawa ulikuwa nayo? Ulikuwa na matofali! Mngekaa hapo mnaujua ugonjwa, mgonjwa anakufa."

"Tukigawane," mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Mmoja apate paja!"

Watu wakacheka, na Mama Msengi naye akacheka, lakini kidogo tu. Akina mama walianza kubishana. Mmoja alisema apewe aliyeteseka zaidi mwilini. Mwingine alisema apewe aliyeujua ukweli, kwa kuwa bila kuujua ukweli jasho lote ni bure. Wa tatu alisema apewe aliyefanya ambalo hata mwenyekiti aliliogopa. Mama Msengi aliwasikiliza wote, na kila aliyemaliza kusema alimwona ana haki, mpaka aliyefuata akasema.

Alijaribu kumwondoa mmoja mmoja moyoni mwake, ili aone ni nani mayai yangeweza kuishi bila yeye. Akamwondoa Elipokea, mayai yakafa. Akamrudisha, akamwondoa Gunda, mayai yakafa. Akamwondoa Zuena, yakafa vilevile.

Kifaranga kikalia kiganjani mwake. Kilikuwa na njaa, na kilikuwa bado hakina mwenyewe. Mama Msengi akaunyosha mkono mbele, ukasimama katikati ya watu watatu.

Mkono uko hapo hapo. Wewe uliyesikiliza, ungeupeleka kwa nani?

Fikiri bila haraka, na jibu lako ulitolee sababu. Ila tafadhali kumbuka jambo moja: ukishamtaja mmoja, wapo wawili ambao bado wamesimama mbele yako, na wao pia wanasubiri uwaambie neno.