Chumba cha Mke wa Vuai

Hii nimeletewa, nami nakuletea. Isome mpaka chini ndipo umpitishie mwenzio, usije ukaipeleka nusu kama wafanyavyo watu wa maneno.

Palikuwa na mji mmoja, na katika mji huo alikuwapo tajiri aitwaye Bwana Nassibu, mwenye jumba la ghorofa nne na vyumba themanini vya kupangisha. Tajiri huyu alikuwa na ugonjwa mmoja: akisikia kitu kimetoka ng'ambo, halali mpaka kiwe chake.

Basi akasikia kuna programu ya kuendesha nyumba. Inatunza mikataba, inaandika barua, inafunga na kufungua milango kwa kadi, na mwenye nyumba amekaa zake barazani anakunywa kahawa. Akainunua. Lakini walioitengeneza wakamwambia: "Hii imeshonwa kwa sheria za kwetu. Tafuta fundi wa kwenu aipime kwa sheria zenu, aipunguze inapopwaya, ailegeze inapobana. Akimaliza atie saini."

Fundi akapatikana. Jina lake Mshamu, kijana mpole, msomi, na ana adabu mpaka kina mama wakawa wanawasuta watoto wao kwa mfano wake: "Muoneni Mshamu, hata akipita penye wanawake macho yako chini!"

Mshamu akakaa miezi miwili, kitabu cha sheria mkono wa kulia, programu mkono wa kushoto. Kule ilikotoka, mpangaji hupewa notisi ya siku thelathini. Sheria ya nchi yao ilisema miezi mitatu, akaweka mitatu. Kule mwenye nyumba akisema funga, mlango unafungwa. Kwao mpaka hakimu aseme, akamweka hakimu. Kazi safi, huoni mshono.

Akafika kifungu cha mwisho. Kilisema hivi: Mpangaji akifariki, nyumba inabaki kwa wale waliokuwa wakiishi naye, wala hawatolewi.

Sasa programu ilikuwa na nafasi ya jina moja tu kwa kila chumba. Kule ilikotoka watu wanaishi mmojammoja kama mayai kwenye trei. Mtu akifa chumba ni kitupu, basi programu hungoja siku saba, kisha hufunga mlango ili vyombo vya marehemu visiibwe. Nia njema kabisa. Ili kuigeuza, ilimpasa Mshamu agonge milango themanini na kuuliza: humu ndani mnaishi nani na nani, na majina yenu kamili ni yapi?

Hapo ndipo adabu ilipomponza. Katika mji ule mwanamume haulizwi jina la mkewe. Mke ni "wa nyumbani", ni "mama watoto", ni "mke wa fulani", na jina lake wanalijua waliomzaa na aliyemuoa. Mshamu aligonga mlango mmoja tu, chumba namba kumi na saba, cha Mzee Vuai, fundi saa.

"Shikamoo mzee. Samahani, naandika watu waliomo ndani."

Vuai akamtazama kuanzia kandambili mpaka utosini. "Mimi nimo."

"Na mwingine?"

"Mwingine unamtakia nini? Umekuja kuposa?"

Wapangaji waliokuwa ngazini wakaangua kicheko. Masikio ya Mshamu yakawaka moto. Akashuka, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Nassibu.

"Bwana, kimebaki kifungu kimoja. Cha kufa."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu, lakini..."

"Basi usiwachimbie watu kaburi nao wazima. Tia saini, makufuli yanangoja kufungwa."

Mshamu akajiambia, nitakirudia. Akatia saini kwamba programu imefuata sheria zote za nchi. Zote! Alijua si zote, na kalamu ilijua, lakini kalamu haisemi.

Mwaka haukuisha, Mzee Vuai akaanguka kwenye kibanda chake cha saa, akafa hapo hapo. Mkewe akavaa nguo za eda, akaketi katika chumba walichoishi pamoja, azihesabu siku zake: miezi minne na siku kumi, kama ilivyo ada.

Bwana Nassibu alikwenda mazikoni, maana tusimsingizie, roho yake haikuwa mbaya. Aliporudi akaifungua programu kwenye simu, akaona imeandikwa: "Bonyeza hapa mpangaji akifariki. Tutapeleka salamu za rambirambi." Akafurahi mno. Mashine ina utu kushinda mashemeji zake! Akabonyeza.

Salamu zikaenda. Zilikwenda kwenye nambari pekee ambayo programu iliijua, yaani simu ya marehemu, iliyokuwa imezimwa chini ya mto. Na chini ya zile pole palikuwa na mstari mdogo: chumba kitafungwa baada ya siku saba.

Siku ya nane, asubuhi ya saa nne, mke wa Vuai alishuka uani kumwaga maji aliyooshea mchele. Aliporudi juu, mlango umefungwa. Akaweka kadi, taa nyekundu. Akaifuta kadi kwa kanga, akaiweka tena, taa nyekundu. Mwisho akagonga, ingawa alijua ndani hamna mtu wa kumfungulia.

Jirani yake wa mlango wa pili, Bi Hidaya, mwanamke mwenye ulimi wa wembe, akatoka na kupiga ukelele. Kufumba na kufumbua ngazi zimejaa watu. Mjane wa eda yuko sakafuni nje ya mlango wake, bakuli tupu mapajani, wanaume wanapita ubavu ubavu hawajui pa kuweka macho. Mshamu na Bwana Nassibu wakaitwa.

"Fungua," akasema Bwana Nassibu.

"Inasema chumba hakina mtu, Bwana. Inamfungulia mpangaji mpya tu."

"Si umfanye yeye mpya!"

Mshamu akachuchumaa kando, simu mkononi. "Mama, jina lako nani?"

Miaka thelathini na moja ndani ya jumba lile, watu wamekula mikate yake ya kumimina kila Ramadhani, amewakandia watoto wao matumbo, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumjibia.

"Mize," akasema. "Mize binti Shaame."

Mshamu akaandika. Programu ikatafuta, ikajibu, naye akasoma kwa sauti kabla hajajizuia: "Mtu huyu hajawahi kuishi hapa. Aombe kama mgeni, asubiri siku kumi na nne."

Bi Mize hakulia. Aliligeuza bakuli mdomo chini. "Watoto wawili nimewatoa mlango huu kwenda kuwazika," akasema. "Nilikuwa naishi wapi, mwanangu?"



Bi Hidaya akajitosa mbele. "Ee, fundi! Nisomee na langu. Hidaya binti Mkadamu."

"Bi Hidaya, tafadhali..."

"Soma!"

Akasoma. Hajawahi kuishi hapo.

"Lahaula! Kumbe mimi jini, na yule bwana kila siku ananilalamikia chumvi imezidi!"

Wengine walitaka kucheka, kicheko kikakwama. Wanawake wakaanza kujipanga mmoja mmoja, kila mtu na jina lake. Saumu, hayumo. Bahati, hayumo. Mama wa mume wa Bahati, kizee cha miaka tisini, hayumo. Jumba zima la watu mia tatu, kumbe programu ilikuwa inawajua themanini.

Vijana wakaja na nyundo wauvunje mlango. Bi Mize akainua mkono. "Nyumba yenye msiba haivunjwi kama ya mwizi. Niitieni kaka yangu."

Bwana Nassibu akawapigia simu walioitengeneza. Wakamjibu kwa heshima zote: programu inafanya kazi sawasawa, na saini ya fundi wenu tunayo.

Alasiri kaka mtu akafika kutoka shamba. Akamfunika dada yake shuka, wakashuka ngazi polepole. Msahafu wake, kofia za mumewe, kitanda chake, vyote vilibaki ndani. Akaenda kuhesabu siku zake kwenye kitanda cha kuazima, katika kijiji ambacho mumewe hakuwahi kulala hata siku moja.

Kaka mtu akapeleka shauri mahakamani, na hakimu akatoa hukumu siku ya kumi na moja tangu mlango ufungwe. Hakusema mengi. "Kifungu kipo, tena kimeandikwa kwa lugha ya mama zetu. Mama arudishwe nyumbani kwake."

Mshamu akakaa siku tatu hakula akashiba, akaitengeneza programu. Akagonga milango themanini. Wanaume wakamuuliza tena kama anaposa, naye safari hii akawajibu: "Cheka, mzee wangu, cheka sana, lakini jina nipe." Akaandika majina mia tatu na sita, la kwanza Mize binti Shaame. Akachapisha kadi yenye jina hilo, akaipeleka mwenyewe kijijini kwa miguu yake.

Mwanamke wa eda haonani na mwanamume wa kando, kwa hiyo alisema naye nyuma ya mlango.

"Mama, ni mimi Mshamu. Sheria imekupa nyumba yako."

"Sheria ilikuwapo siku zote, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa hujaja."

"Nisamehe, mama. Rudi. Nimeliweka jina lako."

Akasikia kikohozi, kisha kikohozi tena. "Kukusamehe nimekusamehe. Kurudi, la. Nimehamishwa mara moja ndani ya eda, mara ya pili sitaki. Iache kadi hapo."

Akaiacha kizingitini.

Bi Mize hakuimaliza eda yake. Mwezi wa tatu kifua kilimbana, akafariki, wakamzika huko huko kwenye migomba, mbali na mumewe na mbali na watoto wake wawili.

Na chumba namba kumi na saba kipo mpaka leo, hakina mtu. Programu sasa imefuata sheria zote kweli kweli, huwezi kuikosoa. Ukiifungua inakuandikia: "Mize binti Shaame. Anaishi hapa." Ili kumwondoa, lazima mtu abonyeze kwamba amefariki. Bwana Nassibu hathubutu. Mshamu amepewa simu mara mbili abonyeze, mara mbili amerudisha.

Kama una mwenye nyumba, au we mwenyewe ndiye mwenye nyumba, hii isiishie kwako.

Funzo: Sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye hukumuuliza jina; ukiona haya kumuuliza akiwa hai, utalitaja kwa majuto akiwa hayupo.