Chumba cha Mikono Minane

"Chumba hupimwa kwa mkono wa atakayelala."

Leo asubuhi mmemsikia fundi akisema maneno hayo. Akakunja kamba yake, akaketi chini, akakataa kuchimba hata shimo moja mpaka bibi harusi aletwe. Mkacheka, mkadhani ni uvivu. Sasa mmekuja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni basi, na anayechambua maharage asiache kuchambua, maana masikio hayahitaji vidole. Maneno haya yana kwao, na kwao ni huku huku milimani.

Zamani, bati likiwa bado halijapanda milima hii, paliishi mwanamke kijana aitwaye Mbonea, mke wa Kateri. Nyumba yao ilikuwa ya udongo na nyasi, imekaa kwenye kiwanja chembamba kilichochongwa ubavuni mwa mlima. Ndani mlikuwa na chumba kimoja, jiko, na kona ya mbuzi wawili. Watoto watatu walilala jikoni, miguu ya huyu kwenye mbavu za yule, na kila asubuhi kulikuwa na kesi ya nani kampiga nani teke.

Mbonea hakuwa msemaji. Alipoolewa alikaa karibu mwezi mzima sauti yake haijasikika nje ya nyumba, watu wakaanza kunong'ona kwamba Kateri ameoa bubu. Aliyewanyamazisha alikuwa mama mkwe wake, Bi Nankondo.

"Mwacheni mwanangu," aliwaambia wanawake kisimani. "Yeye maneno yake yanaiva kwanza. Ninyi yenu mnayala mabichi, ndiyo maana matumbo yanawauma."

Mbonea hakuyasahau hayo. Wala hakusahau jinsi alivyougua baada ya kujifungua mtoto wake wa kwanza, Bi Nankondo akawa anavuka bonde kila siku, siku arobaini, mtungi wa uji kichwani, akimnywesha kidogo kidogo kama ndege anavyomlisha kinda lake. Mtu aliyekunywesha uji hivyo humlipi. Unachoweza ni kumkumbuka tu.

Miaka ikapita, macho ya Bi Nankondo yakaingia ukungu. Lilianza jicho moja, likafuata la pili, mpaka mchana na usiku vikawa kitu kimoja kwake. Aliishi peke yake ng'ambo ya bonde katika kijumba kidogo sana, na sasa zamu ya kuvuka bonde ilikuwa ya Mbonea. Kila alipopeleka chakula aliketi akamtazama mzee yule. Bi Nankondo hakupapasa kama vipofu wengine. Aliketi kitandani, akanyoosha mkono wa kulia, mtungi ukawepo. Akanyoosha wa kushoto, ukuta ukawepo. Mguu wake mmoja ukashuka, ukakuta kizingiti. Alikuwa amekivaa kile kijumba kama mtu anavyovaa shuka.

Lakini paa la kijumba lilikuwa limeoza. Mvua za vuli zikija, lingeanguka.

Wana wakakutana. Walikuwa wawili. Senkoro, mkubwa, alikuwa amehamia tambarare, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Alikuwa mrefu hata akiingia nyumba za watu aliinama kama anayeomba radhi. Kateri, mdogo, alikuwa mfupi na mwenye mwili wa kujaza mlango.

"Nitamchukua mama," alisema Senkoro. "Kwangu kuna nafasi."

"Mtakavyoona ninyi, wanangu," alijibu Bi Nankondo. Mbonea peke yake ndiye aliyeiona mikono ya mzee ikikunja ncha ya nguo yake, ikiikunja na kuikunja. Huko tambarare hakuna njia aliyoijua kwa nyayo, wala jirani aliyemjua kwa sauti. Angekaa kule kama mzigo uliowekwa pembeni.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Mbonea akamwambia mumewe sentensi moja. "Mama akae kwetu."

"Wapi, mke wangu? Juu ya mbuzi?"

"Tuongeze kipenu ubavuni."

Kateri aliwaza njia nzima, na kesho yake, kabla kaka yake hajateremka, akampelekea shauri hilo. Senkoro alikubali, ila kwa sharti. Chumba kiwe kimekamilika kabla ya mvua za vuli, na kiwe chumba cha heshima. "Mama aliyetulea bila baba hatalala kwenye tundu la kuku," alisema mbele ya wazee wa ukoo. "Urefu mikono kumi na miwili, upana mikono kumi. Nimesema. Kikishindikana, nateremka naye."

Mkono, kwa watu wa wakati ule, ulikuwa kipimo: kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Ndugu wakagawana kazi. Senkoro akabaki nyumbani kwa Kateri kupima kiwanja na kuchimba mashimo ya nguzo. Kateri akaenda msituni kukata miti. Nao msitu wa ukoo ulikuwa na miiko yake. Wazee waliufungua siku moja tu kwa mwaka, na jua likizama umefungwa, hata fimbo ya kutembelea hukati.

Mbonea alipoona vigingi vya shemeji yake vimeachana mbali vile, moyo ulimwambia: hiki si chumba cha mtu asiyeona. Lakini yeye ni nani mbele ya mkubwa wa nyumba? Akalimeza neno, akaenda kuchota maji.

Siku ya msaragambo ikafika. Kijiji kizima kilikuja kusaidia, maana nyumba ya mtu mmoja haikandikwi na mtu mmoja. Wanawake walichimba udongo, wakamwaga maji, wakaingia shimoni kuukanyaga huku wakiimba. Chungu kikubwa cha makande kilikuwa motoni. Bi Nankondo alikuwa ameletwa tangu asubuhi, akaketishwa ukutani penye kivuli, uso wake ukifuata sauti. Kule juu ya mlima mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Wanaume wakasimamisha nguzo. Kisha wakainua mtambaapanya, ule mti mrefu unaolala juu ya nguzo zote na kubeba paa. Upande mmoja ulikaa vizuri. Upande wa pili ulining'inia hewani.

"Vuta kwako!" alipiga kelele Senkoro.

"Nimevuta!"

"Vuta tena!"

"Nivute mpaka wapi, kaka? Huu ni mti, si utumbo wa mbuzi!"

Wakaushusha. Senkoro akapima kwa mkono wake: mikono kumi na nusu. Kateri akapima kwa mkono wake: kumi na miwili kamili. Watu wakasogea. Ndugu wale wakawekana mikono sambamba, kiwiko kwa kiwiko, na kila mtu akaona vidole vya Senkoro vikivipita vya mwenzake.

Jirani yao Namwai, mama mwenye mdomo usiolala, akasema kutoka shimoni, "Haya! Mmenyonya ziwa moja, mikono miwili tofauti. Udongo unakauka huku, na ninyi mnapimana vidole!"

Watu walicheka, lakini ndugu wale hawakucheka.

"Kwa nini hukuuliza tunapima kwa mkono wa nani?" Senkoro alifoka.

"Na wewe kwa nini hukuuliza? Au warefu hawaulizi?"

"Tuunge mti," mtu mmoja akapendekeza.

"Mtambaapanya wa kuungwa haubebi paa," wazee wakajibu. Mwingine akasema nguzo zisogezwe ndani, chumba kipunguzwe. Hapo Senkoro akatupa jembe chini.

"Nimeahidi kumi na miwili mbele ya ukoo. Nimpunguzie mama yangu, kijiji kikitazama? Hapana. Miti haipo, na msitu umefungwa mpaka mwakani. Basi. Kesho nateremka na mama."

 Nyimbo zilikatika. Kateri alitazama miguu yake, maana kosa nusu lilikuwa lake. Mbonea akageuka akamtazama Bi Nankondo kule kivulini. Mikono ya mzee ilikuwa imeshika ncha ya nguo, ikiikunja.

Mbonea akatoka shimoni, udongo umemjaa mpaka magotini. Alitembea mbele ya watu wote. Akasimama kando ya mama mkwe wake.

"Shemeji," alisema.

Watu wakageuka. Wapo waliokuwa wameishi naye jirani miaka saba na ndiyo kwanza wanaisikia sauti yake.

"Mama hajaulizwa," alisema Mbonea.

"Aulizwe nini?"

"Chumba anakitaka cha namna gani."

Senkoro akashangaa. "Mtu anaulizwa kama anataka heshima?"

"Mimi nimemwona kwake, shemeji. Kila kitu chake kipo mkono unapoishia. Atakayelala humu si wewe wala si mume wangu. Ni yeye. Tumpime yeye." Akaishiwa na pumzi, akaangalia chini. Kisha akachuchumaa. "Mama, nisamehe. Niliona tangu vigingi vilipowekwa, nikanyamaza. Tuambie."

Bi Nankondo akamtafuta kichwa kwa kiganja, akakipata.

"Mgeni hamwambii mwenyeji pa kumtandikia," alisema taratibu. "Ndiyo maana nami nimenyamaza. Lakini kwa kuwa nimeulizwa, nitajibu. Senkoro, mwanangu, heshima yako nimeipokea, tena imenijaa kifuani. Ila ukinipa chumba nisichofikia ukuta wake, umenipa pori. Nitaamka, ninyooshe mkono, nikute hewa. Nitakuwa humo nikiwaita kama mbuzi aliyekata kamba."

"Na atalia sana huyo mbuzi!" alisema Namwai, na safari hii hata Senkoro kicheko kilimponyoka.

Kitanda cha kamba kikaletwa, kikawekwa katikati ya kiwanja, mbele ya macho ya watu. Bi Nankondo akaketi. Akanyoosha mkono wa kulia, Mbonea akachomeka kigingi vidole vilipofika. Akanyoosha wa kushoto, kigingi kingine. Akasimama, akaenda hatua zake mwenyewe, akasema, "Mtungi hapa. Fimbo hapa. Hapa mtoto mmoja aje aketi anisimulie habari." Walipomaliza, wakapima kwa mkono wa mzee mwenyewe, kiwiko mpaka kidole. Ilikuwa minane kwa minne.

"Na mlango mmeuweka wapi?" akauliza.

"Upande wa njia, mama," alisema Kateri. "Wageni wakuone."

"Wageni wa nini? Mimi nataka kusikia chungu kikichemka na watoto wakigombana. Nitobolee ukuta wa jikoni."

Wakautoboa. Nguzo zikasogezwa, na mtambaapanya wa Kateri, ule ule uliokuwa mfupi, ukainuliwa tena. Ukalala juu ya nguzo ukapita chumba cha mzee, ukabaki mrefu. Senkoro akasimama akiutazama, mkono kiunoni.

"Usikatwe," alisema hatimaye. "Hapa palipozidi tupazungushie ukuta. Watoto walale humo, karibu na bibi yao."

Kwa hiyo siku ile nyumba iliyoomba chumba kimoja ilipata viwili, kwa miti ile ile iliyotaka kuwafarakanisha ndugu. Watu wakakandika mpaka jua likaelekea magharibi. Senkoro alifukia kwa mikono yake mashimo aliyoyachimba, na alipomaliza akamfuata Mbonea aliyekuwa akigawa makande.

"Shemeji, ahsante," alisema, akainama, na safari hii hapakuwa na mlango juu yake. "Ningempotezea mama yangu ndani ya ukubwa wangu mwenyewe."

Mbonea akachota tena chunguni. Alimwongezea makande.

Udongo ulikauka, paa likaezekwa, na Bi Nankondo akaingizwa chumbani siku moja kabla ya mvua. Hakuna aliyemshika mkono. Aliketi kitandani, akanyoosha wa kulia, ukawepo ukuta. Akanyoosha wa kushoto, ukawepo mwimo wa mlango wenye joto la jikoni. Alikaa hivyo kitambo, mikono imetandazwa, kama anayekumbatia mtu.

"Nawashukuru, wanangu," alisema. "Hapa ni kwangu."

Aliishi humo miaka tisa. Watoto wa Mbonea hawakugombania tena pa kulala, waligombania zamu ya kuketi pale mahali pa msimulizi. Na Mbonea, kila alipokoroga uji, alisikia nyuma yake mwanamke aliyemnywesha siku arobaini akicheka na wajukuu, akashukuru kwamba siku ile hakulimeza neno mara ya pili.

Majirani nao walijifunza. Namwai alipotaka kumjengea mkwewe chumba, wanawe walianza kubishana mashimo yachimbwe wapi. Akawatuliza kwa ule mdomo wake: "Nyamazeni nyote. Mwiteni mwenyewe. Hamkuona kwa kina Kateri?" Neno likatoka kwake likaenda kijiji cha pili, likateremka na Senkoro mpaka tambarare, kila mahali likisemwa na watu wenye kamba na vigingi mkononi.

Kwa hiyo fundi wa leo si mvivu. Yeye anajua kwamba unaweza kumpenda mtu sana, ukamjengea kikubwa sana, na bado asiwe na pa kuegemea, kwa sababu hukumuuliza. Chumba hupimwa kwa mkono wa atakayelala.