Kwa Nini Kiti cha Ngozi Huanza kwa Kuumiza

Kabla ngozi hazijajifunza kunyamaza, kiti cha baiskeli hakikumwumiza mtu yeyote. Ninyi mnaonunua kiti kipya leo, kisha mnashuka mkitembea kama bata, mmezaliwa baada ya mambo kuharibika. Zamani hizo fundi alivuta ngozi ya ng'ombe juu ya chuma, akaishika kwa misumari ya shaba mbele na nyuma, na siku hiyohiyo ikawa laini. Akikaa mnene, ilimpokea. Akikaa mwembamba, ilimpokea. Akishuka, ilirudi kuwa tambarare, haina alama ya mtu, ikamngojea mwingine. Ndiyo maana kijiji kizima kiliweza kutumia baiskeli moja bila ugomvi.

Na ngozi ilisema. Haikuwa na maneno mengi. Ilikuwa inauliza tu, "Umekaa vizuri?" Mtu akijibu hapana, ilijivuta huku au kujilegeza kule mpaka aridhike.

Katika kijiji cha Bulenge, pale udongo mweusi wa mbuga unapoanza, aliyeipanda baiskeli mara nyingi kuliko wote alikuwa Nyanzobe, mkunga. Alikuwa mjane mpana wa nyonga, mwepesi wa mikono, na mwenye moyo usiotulia. Kabla ya kutoka alibonyeza matairi, akazungusha pedali, akavuta mnyororo, akafungua mkoba wake kuona kama wembe na uzi vimo, akaufunga, kisha akaufungua tena. Akina mama waliokuwa karibu kujifungua waliupenda wasiwasi huo, kwa sababu haukuacha kitu kimesahauliwa. Lakini ulikuwa na upande wake wa pili: Nyanzobe hakuweza kuona jambo lililo sawa akaliacha likabaki sawa.

Luhende, fundi aliyekitengeneza kile kiti, alilijua hilo. "Mama," alimwambia siku ya kumkabidhi baiskeli, "ngozi hii imelainika inavyotakiwa. Mvua zikiisha, ipake mafuta kidogo upande wa chini, basi. Usiilainishe zaidi. Ukiiambia ilegee, italegea. Haijui kukataa."

Nyanzobe alikuwa na mtoto mmoja tu, Minza, aliyeolewa Nyamilala, ng'ambo ya mbuga. Mtu aliyetoka Bulenge asubuhi kwa baiskeli alifika huko jua likiwa utosini. Minza alipopata mimba yake ya kwanza alikuja kumsalimia mama yake, na wakati wa kuagana alimshika mkono, hakuuachia.

"Mama, watoto wa watu wote umewapokea wewe," alisema. "Na wangu umpokee wewe. Asiguswe kwanza na mtu mwingine."

"Nani tena amguse?" Nyanzobe alijibu. "Niiteni tu, nitakuja."

Tangu siku hiyo hakuwaza kitu kingine isipokuwa ile njia.

Mwezi wa Minza ulipokaribia, Gindu, ndugu wa marehemu mume wa Nyanzobe, alirudisha baiskeli baada ya kupeleka maziwa. Gindu hakuwahi kupita kwa shemeji yake bila kumchokoza.

"Shemeji, hiki kiti kinakuvumilia tu," alisema huku akifungua kibuyu kilichofungwa kwenye keria. "Kingekuwa na miguu kingeshahama kijiji."

"Kingekukimbia wewe kwanza, na hayo mapaja yako ya korongo."

"Mimi kinanisahau nikishuka. Wewe kinakuota." Gindu alicheka, akajishika kiuno. "Lakini utani kando. Njia ya Nyamilala ina mabonde. Niliporudi kutoka kule juzi nililala kifudifudi mpaka kesho yake."

Yalikuwa maneno ya mtu anayetaka kuonewa huruma. Gindu alikwenda zake akayasahau kabla hajafika kwake. Nyanzobe alibaki nayo. Je, akiumia katikati ya njia? Je, akilazimika kushuka na kupumzika, na Minza anangoja?

Sasa wanawake wa Bulenge walikuwa na namna yao ya kutengeneza ngozi ya kubebea mtoto. Waliipasha samli moto, wakaipaka, wakaifinyanga kwa viganja, wakaianika juani, wakaipaka tena. Kwa ngozi ya kubebea mtoto, samli haikuzidi kamwe. Kadiri ilivyokunywa, ndivyo mtoto alivyolala vizuri mgongoni. Nyanzobe alikuwa amezitengeneza nyingi, na za wengi. Akakifungua kiti kwenye baiskeli, akakipakata, akaanza kukipaka juu na chini.

"Inatosha?" ngozi iliuliza.

"Bado kidogo."

Akaianika, ikanywa, akaipaka tena.

"Inatosha?"

"Bado kidogo."

Ngozi ikalegea, na ilipoambiwa bado, ikalegea zaidi. Jua lilipopoa ilikuwa imelainika kama sikio la mbuzi. Nyanzobe akakirudisha kiti mahali pake, akakikalia, akahisi kana kwamba amepakatwa. Alitabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu Minza aondoke, moyo wake ulitulia.

Mjumbe alifika asubuhi ya kesho yake, miguu imejaa vumbi hadi magotini. "Mama, uchungu umemwanza," alisema. "Unakuja pole pole, ni wa kwanza, utachukua muda. Wazee wanasema ukija kwa baiskeli utamkuta."

Nyanzobe hakubonyeza hata matairi. Alifunga mkoba kwenye keria akaondoka.

Mwanzoni njia ilikuwa tamu. Kiti kilimbeba kama asiye na uzito, naye akawa anazungumza peke yake, akimwambia Minza avute pumzi, asisukume mapema, ang'ang'anie. Baada ya bonde la kwanza alihisi anakaa chini kidogo kuliko kawaida. Baada ya la pili magoti yalianza kumpanda kifuani. Ngozi ilikuwa inashuka kama kitanda kilicholegea kamba, na hatimaye ikagusa chuma kilichokuwa chini yake. Kile chuma kikaanza kumla.

"Jikaze!" Nyanzobe alisema.

"Nijikaze kwa nguvu gani?" ngozi iliuliza. "Nguvu yangu yote nilikupa jana. Uliniambia nilegee."

Alisimama juu ya pedali akaendesha hivyo mpaka mapaja yakatetemeka. Akikaa, chuma kilimchoma. Akisimama, miguu ilimwisha. Kwenye mchanga wa korongo kavu alikaa kwa uzito wake wote ili asianguke, na hapo ngozi ikachanika mbele, kwenye misumari ya shaba, ikabaki inaning'inia. Akashuka. Akaanza kuisukuma baiskeli.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akichunga ndama alimwangalia kwa mshangao. "Mama, mbona unaitembeza? Imekuwa mbuzi?"

Ndipo Nyanzobe alipoona afadhali aitupe. Akaulaza ule mzigo wa chuma kando ya njia, akabeba mkoba kichwani, akatembea, na alipoweza akakimbia.

Alipoingia Nyamilala kivuli chake kilikuwa kirefu. Wanawake walikuwa wamekaa nje ya nyumba, na hakuna aliyesimama kumpokea. Hakukuwa na vigelegele. Hakukuwa na sauti ya mtoto. Mkunga wa Nyamilala, binti mdogo aliyekuwa bado anajifunza, alikuwa amejiinamia kando ya mlango. Mtoto alikuja akitanguliza miguu, na yule binti hakuwa amewahi kumgeuza mtoto.

Minza alikuwa mzima. Alikuwa amelala ameuelekea ukuta.

"Niliwaambia wangoje," alisema bila kugeuka. "Walitaka kumwita bibi mkunga wa kijiji cha pili, nikakataa. Nikasema mama yupo njiani, anakuja na baiskeli. Ulikuwa wapi, mama?"

Nyanzobe alitaka kumshika bega. Mikono yake ilikuwa bado inanuka samli. Akairudisha.

Arobaini ilipopita alirudi Bulenge kwa miguu, akiikokota ile baiskeli aliyoikuta palepale alipoilaza. Akaenda moja kwa moja kwa Luhende. Fundi alikitazama kiti, akashika kipande kilichoning'inia, akajua kila kitu. Mkunga akakaa chini, akakiweka kiti mapajani.

"Kwa nini hukunikatalia?" aliuliza.

"Sikufundishwa kukataa," ngozi ilijibu. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Kila aliyekuja nilimpokea. Uliniomba nilegee, nikalegea. Nilidhani huo ndio wema."

"Na mimi nilidhani hivyo," Nyanzobe alisema. Kisha akasema, "Basi kuanzia leo niumize. Niumize hapahapa nyumbani, nikiwa na nafasi ya kushuka. Usingoje mpaka njiani."

"Nikianza kuumiza, nitamwumiza kila mtu. Siwezi kubagua."

"Waumize."

Luhende alishtuka. "Mama! Unatuombea mateso sisi sote?"

"Siku moja watu watafika waendako," Nyanzobe alijibu, "nao hawatajua kwamba niliwaombea."

"Kuna jingine," ngozi ilisema. "Ukishaumia vya kutosha nitakujua, na nikikujua sitaweza kukusahau. Mwingine atakayekaa juu ya umbo lako hatapata raha. Na sitauliza tena kitu. Nikiendelea kuuliza, nitaendelea kutii."

"Nyamaza basi," Nyanzobe alisema, na machozi yakamtoka, kwa sababu alikuwa ameipenda ile sauti.

Ngozi ikanyamaza. Habari ikapita kutoka ngozi hadi ngozi, kwa maana ngozi zote ni ndugu, na zote zikanyamaza.

Luhende alipovuta ngozi mpya juu ya kile chuma, ilikuwa ngumu kama ubao wa mlango. Nyanzobe aliipanda hivyohivyo. Aliiendesha hadi kisimani, akaiendesha mashambani, akarudi nyumbani akichechemea, kesho yake akaipanda tena. Gindu alimwona akipita, akatafuta utani wa kumrushia, akaukosa. Mvua zilikuja zikaisha, mtama ukavunwa, na ndipo mabonde mawili madogo yalipoonekana juu ya ngozi, mahali mifupa yake ilipokaa. Kuanzia hapo kiti kilimbeba popote, na hakikulegea tena.

Minza alipata mimba nyingine. Safari hii hakuja mjumbe. Nyanzobe alisikia kwa watu wa maziwa kwamba siku zake zimefika. Akaenda bila kuitwa, akavuka mabonde na mchanga wa korongo bila kushuka hata mara moja, akafika Nyamilala jua halijafika utosini. Ndani alikuwamo bibi wa kijiji cha pili. Minza alimwona mlangoni.

"Karibu, mama," alisema kwa upole. "Kaa hapo nje, kuna kivuli."

Nyanzobe akakaa nje. Alisikia kila kitu kutoka pale, na mikono yake ikawa inafuata kazi ya mwenzake hewani bila yeye kujua. Aliposikia kilio cha mtoto, na vigelegele vikafuata, alipiga kigelegele naye. Wakamletea mjukuu baada ya wengine kumpakata.

Na tangu ngozi ziliponyamaza, kiti cha ngozi humwumiza kila anayekikalia kwa mara ya kwanza, na hakimwulizi kitu. Ndiyo maana watu wa mbuga wakimwazima mtu baiskeli hukifungua kiti na kubaki nacho kwapani. Ndiyo maana pia kiti hudumu kuliko baiskeli yenyewe: fremu hukatika, magurudumu hubadilishwa, na kiti huhamia baiskeli nyingine na mwenyewe yuleyule juu yake. Wapo mpaka leo wanaoona uvivu kungoja, wanakiloweka kwa mafuta ili kilainike kwa haraka, na siku ya safari ndefu kinawaangusha hadi kwenye chuma.

Kwa hiyo ukinunua kipya, usianze nacho kwenda mbali. Kikalie ukienda kisimani na mashambani. Kikikuumiza, shuka, tembea kidogo, kisha ukae tena. Bado uko karibu na nyumbani.